Nafasi ya Upana wa Penseli

Juzi kijana mmoja wa hapa Kitengela alinitumia picha ya kipande cha aluminiamu kwa simu, akaandika chini yake: "Mama Ndinda, hii inaeza beba kioo ya sliding?" Kipande chenyewe kilikuwa kimelazwa juu ya meza, kando ya kikombe cha chai. Nilimjibu kwamba chai ninaiona na ina maziwa ya kutosha, lakini profaili siioni, maana profaili haionekani kwa picha. Hajanijibu hadi leo. Nafikiri amenuna.

Sikumjibu hivyo kwa dharau. Nilitaka aulize tena, vizuri zaidi. Kazi ya milango na madirisha ya aluminiamu imenilisha na kunisomeshea watoto, na nimeiacha kwa sababu magoti yangu yamekataa ngazi, si kwa sababu imenichosha. Ninapopita barabara kuu nikaona maduka mapya yamejaa vioo mbele, macho yangu hayaendi kwenye kioo. Yanaenda kwenye ule ukanda mwembamba unaokishika. Wajukuu wangu husema nyanya yao hatazami nyumba, anatazama mbavu zake.

Basi ninyi mnaoanza, sogeeni karibu. Yule aliyenuna naye akitaka asogee.

Tuanze na kitu chenyewe. Profaili ni aluminiamu iliyopashwa moto hadi ikalegea, kisha ikasukumwa kwa nguvu kupitia tundu lenye umbo fulani, kama unavyokamua dawa ya meno. Umbo la tundu ndilo umbo la kinachotoka. Ndiyo maana profaili mbili zinaweza kufanana kwa nje kama pacha, kumbe moja ina kuta nene na nyingine kuta zake ni za kukudanganya. Na kila profaili ya heshima huja na karatasi yake ya maelezo: mchoro wa uso wake ukiikata, unene wa kuta, mchanganyiko wa aluminiamu yenyewe, jinsi ilivyopikwa, uzito wa kila mita, rangi, na ni kiasi gani kiwanda kimejiruhusu kukosea. Wengi wenu hutazama mchoro peke yake, kwa kuwa ndio una picha.

Aliyenifundisha kuisoma karatasi hiyo ni Mzee Mutiso, mtu wa Makueni kama mimi, aliyekuwa na karakana pale Noonkopir, hapa hapa Kitengela. Aliniajiri nipange profaili kwenye rafu, basi. Sikuwa fundi wa kitu chochote. Siku moja nilimwambia kwamba baadhi ya zile zilizoletwa zinakuja mkononi zikiwa nyepesi kuliko nyingine. Alinitazama kama mtu aliyesikia mbuzi akisalimia. Kisha akaenda akazishika mwenyewe, akarudi, akaniwekea kalipa mkononi, kile kipimo chenye mataya mawili, akasema, "Kuanzia leo wewe ndio macho yangu. Lakini usipime kitu imevaa nguo."

Nguo aliyosema ni ile plastiki ya kuilinda profaili isikwaruzwe, na baada ya plastiki, ni rangi. Mtu anabana kalipa juu ya plastiki na rangi, anasoma unene mzuri, anafurahi. Rangi haibebi kioo, wanangu. Plastiki hata yenyewe haijibebi. Bandua, pima pale ilipokatwa, pima kuta zaidi ya moja, na ukiweza kwaruza rangi kidogo upande utakaofichwa na ukuta. Kama karatasi inasema milimita mbili na wewe unapata moja na nusu, usianze kumtetea muuzaji. Angalia kiasi cha kukosea kilichoandikwa. Upungufu ukikizidi, umekizidi.

Kuna wakati hamtakuwa na kalipa. Tulienda Kimana kuweka madirisha kwa mkulima wa vitunguu, na muuzaji alikuwa amepeleka profaili moja kwa moja hadi shambani. Kalipa tuliisahau Noonkopir, kila mmoja akidhani imebebwa na mwenzake. Mutiso alizigusa zile profaili, akaguna, akaomba mizani ya vitunguu, ile ya kuning'iniza kwa ndoano. Tukafunga fimbo nzima ya profaili, ya mita sita, kwa kamba katikati, ikaning'inia pale inazunguka polepole.

Mwenye shamba akacheka. "Mzee, kwani siku hizi aluminiamu inauzwa kwa kilo kama kitunguu?"

"Kitunguu huwa inadanganya kidogo," Mutiso akasema. "Hii ndio huwa inadanganya sana."

Tulichukua uzito, tukagawanya kwa urefu wa fimbo, tukalinganisha na karatasi. Ilikuwa imepungua vibaya. Muuzaji alipigiwa simu, akaapa kwa jina la mama yake, kisha akaja kuchukua mzigo wake. Alikubali kwa sababu moja tu: hatukuwa tumekata hata moja. Hiyo ndiyo sheria ya biashara hii, hata kama haijaandikwa popote. Ukishakata, ni yako. Kwa hiyo kagua kabla msumeno haujaguswa, hata kama mwenye nyumba amesimama nyuma yako anahema.

Kuhusu jinsi ilivyopikwa, mtaona herufi T na nambari baada yake. Msiiruke. Madirisha mengi hapa kwetu ni T5: imetoka kwenye tundu, ikapozwa kwa hewa, ikapikwa kwenye tanuri. T6 imepozwa ghafla kabla ya kupikwa, nayo ni ngumu zaidi. T4 haijapita tanuri, kwa hiyo bado inakubali kukunjwa. Jirani yetu wa karakana alipata kazi ya dirisha la upinde la kanisa, akanunua T6 kwa kuwa aliambiwa ndiyo bora. Aliipinda kwa nguvu zake zote mbele ya kanisa, kwaya ikifanya mazoezi ndani. Ilipopasuka, kwaya ilinyamaza. Pasta alitoka nje akauliza ni nini hicho, na jirani yetu akasema ni shetani. Haikuwa shetani. Bora ni neno lisilo na maana mpaka useme bora kwa kazi gani.

Hapo ndipo ninataka kuwaambia habari ya Magadi, na ninaomba mnisikilize bila kushika simu.

Lakini kwanza mjue Kitengela ya Mutiso. Huu ni mji wa upepo. Unatoka kwenye mbuga, hauna mlima wa kuuzuia, na unakuja na vumbi lake. Mwezi wa saba baridi inapita chini ya mlango kama mtu wa nyumbani. Mteja wa hapa hakuulizi sana rangi wala kufuli. Anakuuliza kama vumbi litaingia. Kwa hiyo fundi wa sifa alikuwa ni yule anayebana. Mutiso alikuwa na desturi yake siku ya kukabidhi kazi: alifunga mlango, akawasha njiti ya kiberiti, akaipitisha polepole kandokando ya fremu yote huku mteja akitazama. Moto ukitikisika, alifungua skrubu akaanza upya. Ukisimama wima hadi mwisho, alimkabidhi mteja kiberiti chenyewe. Kuna nyumba hapa ambazo bado zimehifadhi hivyo viberiti kabatini. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," alikuwa akisema, na kwake haikuwa methali ya kupamba maneno. Alikuwa anaeleza kazi yake ilivyo.

Basi akaja Sista Nashipae. Alikuwa muuguzi wa miaka mingi, Mmaasai wa kule chini Magadi, mwanamke mrefu asiyependa kurudia maneno. Alikuwa amejenga nyumba ndogo ya kujifungulia, kabla kidogo ya kufika mji wa Magadi, ili kina mama wa huko wasisafiri na uchungu kwenye ile barabara. Alitaka upande mmoja wa chumba uwe mlango wa kuteleza, ukuta hadi ukuta, ili jioni upepo uingie na ili kitanda cha magurudumu kitoke moja kwa moja hadi kwenye gari. Kulikuwa na mlango mwingine mdogo upande wa bafu, lakini huo ulimtosha mtu, si kitanda.

"Mimi nataka mlango ya kutoka," alimwambia Mutiso. "Ya kuingia, mtu huingia tu."

Hakuna kazi tuliyoiwazia kama ile. Mmewahi kutia magadi kwenye maharagwe ili yaive haraka, mkaona sufuria inavyogeuka nyeusi ndani? Hiyo sufuria ni aluminiamu. Sasa fikirieni mahali ambapo magadi ni vumbi linalopeperuka. Mutiso alikataa ile rangi ya fedha ya kuchovya, akasema magadi yataila. Akaagiza rangi ya unga inayopakwa na kuchomwa, aluminiamu ya chini yake ikiwa imeoshwa vizuri kwanza, na akauliza unene wa ile rangi mpaka muuzaji akachoka. Alimweleza muuzaji kila kitu kuhusu mahali itakapokaa. Mficha uchi hazai, alisema, na Sista akacheka kwa mara ya kwanza. Tulipima kuta za profaili, tukazipima uzito, tukaziba kila mahali palipokatwa. Kwa habari ya magadi, ule mlango ungeishi kuliko sisi.

Rangi ilikuwa kahawia iliyokolea. Ndiyo iliyokuwa ikitamba Kitengela wakati ule, na Sista alisema sawa.

Kuna jambo lilimfurahisha Mutiso zaidi. Chumba kile kilikuwa karibu sawa na urefu wa fimbo nzima inavyotoka kiwandani. Reli ya chini na ya juu zingekuwa za kipande kimoja, bila kiungo, ukuta hadi ukuta. Tulizikata karakana asubuhi ya baridi, pumzi ikitoka mdomoni kama moshi. Tulizifunga kule Magadi alfajiri, kabla jua halijatoka, kwa maana saa za mchana huko hazimruhusu mtu kushika chuma. Reli iliingia kwa kugongwa na nyundo ya mpira, taratibu, ikakaa kana kwamba ilizaliwa na ule ukuta. Mutiso akawasha njiti yake. Moto ulisimama wima toka mwanzo hadi mwisho. Sista akapokea kiberiti, na mlango ukasukumwa kwa kidole.

Sijawahi kuona kazi nzuri kama ile. Nawaambieni kama nilivyoihisi: nilisimama nje nikaitazama nikajivunia kuwa wa karakana ile.

Siku chache baadaye tulirudi kumalizia nyavu za mbu kwenye madirisha ya nyuma. Tulikuta mama mmoja kijana, wa kwanza kulazwa chumbani mle, amefika alfajiri, anaitwa Naserian, mimba yake ya kwanza, pamoja na mama mkwe wake. Kitanda kilipita mlangoni bila taabu, kisha mlango ukafungwa kwa heshima yake, na sisi tukaendelea na nyavu zetu huko nyuma. Jua likapanda. Upande ule wa mlango ulitazama magharibi, na baada ya adhuhuri jua lote liliuegemea.

Tulisikia sauti ya Sista kabla ya kumwona. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Mtoto alikuwa amekwama, Naserian alikuwa akiishiwa nguvu, na ilibidi apelekwe hospitali ya kupasuliwa, upesi. Gari lilikuwa tayari nje, mlango wake wa nyuma wazi. Sista alikuwa akisukuma mlango wetu, na mlango hauendi.

Mutiso aliweka bega. Hauendi. Niliweka langu kando ya lake. Reli ya chini ilikuwa imevimba kuelekea juu, imeubeba mlango na kuubana kwenye reli ya juu. Ile kahawia ilichoma ngozi. Sikuelewa ninachokiona. Alfajiri ile ile ulikuwa umepita kwa kidole.

"Buda, fungua hiyo mlango!" dereva alipiga kelele kutoka nje. Alikuwa kijana, na machozi yalikuwa karibu. "Huyu mathe anaisha!"

"Kwa bafu je?" nikauliza.

"Kitanda haiwezi toka huko," Sista akasema. "Na huyu hawezi kukunjwa."

Mama mkwe alikuwa amemshika Naserian mkono, akisema maneno yale yale kwa Kimaasai, Enkai ai, Enkai ai, Mungu wangu.  Naserian mwenyewe alikuwa amegeuza uso wake upande wa mlango.

Mutiso akaniambia nilete grainda, ile mashine ya diski ya kukatia chuma.

"Mzee, hiyo reli ni moja mzima," nikasema. Maneno hayo yalinitoka kabla sijayafikiria, na hadi leo ninayasikia.

"Leta grainda."

Alipiga magoti pale mlangoni akaikata ile reli katikati. Ilipoachana ilitoa mlio, na zile ncha mbili zikapishana, moja ikapanda juu ya nyingine, kwa kuwa hazikuwa na nafasi ya kukaa pamoja. Akaikata tena pembeni, akang'oa kipande kwa mtaimbo, akaunyanyua mlango ukatoka na kioo chake, tukauegemeza ukutani. Hakuutazama tena. Kitanda kikapita, gari likaondoka, na vumbi likabaki.

Niliona uchungu kuona ile kazi imekatwa, kisha nikaona haya kwa kuona uchungu huo. Mutiso alikaa chini kwenye kivuli. Hakulaumu jua, hakumlaumu muuzaji. Akaniuliza, "Imekua kiasi gani?"

Nilirudi kupima. Ilikuwa imekua karibu upana wa penseli.

Sasa niwafundishe, kwa maana hili halikuwa uchawi. Aluminiamu ikipata moto hurefuka, kushinda chuma cha kawaida, na kushinda ukuta kwa mbali. Kila mita moja, joto likipanda nyuzi hamsini, hurefuka zaidi kidogo ya milimita. Ni kidogo, hata jicho halioni. Zidisha kwa fimbo nzima. Tena rangi iliyokolea inakunywa jua, kwa hiyo profaili ya kahawia hupata moto kuliko hewa inayoizunguka. Ikikosa pa kwenda mbele, itakwenda juu. Ile karatasi yetu ilikuwa imesema, wala si kwa kificho, kwamba vipimo vyake vyote ni vya joto la nyuzi ishirini. Tulikuwa tumeusoma mstari ule kwa miaka tukauona kama salamu mwanzoni mwa barua. Hapa Kitengela haukuwahi kutudai kitu. Tuliogopa magadi, tukayajibu vizuri sana, na tukadhani mahali penye adui mmoja hapana mwingine.

Na kubana, ile sifa yetu, ndiyo iliyotuponza. Fundi mbaya wa kuacha mianya, ambaye tungemcheka hapa mjini, mlango wake kule ungefunguka. Nimelifikiria jambo hilo kwa muda mrefu. Kazi nzuri ina mahali pake, kama mtu alivyo na kwao. Ukiihamisha bila kuuliza mwenyeji, unahamisha na tabia ambazo hukujua unazo.

Sista alipiga simu siku iliyofuata. Naserian alipasuliwa, yuko hai, na mtoto yuko hai, msichana. Mutiso alipokea habari hizo amesimama karakana, akaenda nyuma ya rafu za profaili akakaa huko. Mimi niliendelea kufagia mahali palipokuwa safi tayari.

Alirudi Magadi kabla ya kukata profaili yoyote mpya. Alikaa pale toka alfajiri hadi jua linazama na kipande cha reli kimelazwa juani, akikipima kila kilipobadilika, na akinisomea nami ninaandika. Kisha tukatengeneza upya. Rangi nyeupe safari hii. Reli vipande viwili, na nafasi katikati. Kila mwisho, kati ya reli na ukuta, nafasi ya upana wa penseli, iliyojazwa silikoni laini inayokubali kusukumwa. Matundu ya skrubu tuliyafanya marefu, siyo ya duara, ili reli iweze kuteleza chini ya skrubu badala ya kugombana nayo. Mutiso alipomaliza alisimama akaangalia zile nafasi, na nilijua zinamuuma machoni. Alizoea kuwaonyesha watu mahali ambapo hapana mwanya wowote.

Hakuwasha njiti. Alimwambia Sista, "Sasa iko sawa."

"Hata ile ingine mliniambia iko sawa," Sista akasema. Alisema bila hasira, lakini alisema. "Mimi sitaki kuambiwa. Mlango ifungwe, jua ije, na mtu alale kwa hiyo kitanda. Mtu yenu."

Nikajitolea. Mutiso akasema hapana, akavua viatu vyake, akapanda kwenye kitanda cha kujifungulia. Mzee wa mvi, suruali ya kazi, soksi zimetoboka vidole. Mlango ukafungwa. Kina mama waliokuwa wamekuja kliniki walipata habari, wakajaa kwenye kibaraza, na mama mkwe wa Naserian alikuwa miongoni mwao, naye hakukubali kukaa nyuma. "Mzee, sukuma! Vuta pumzi!" walimpigia kelele kupitia kioo, na mmoja akauliza kama mzazi huyu ameandaliwa uji. Mutiso alicheka mwanzoni. Tulicheka sote.

Lakini jua la Magadi halina haraka. Lilipanda, likazunguka, likaegemea kioo. Mle ndani palikuwa moto wa kukata pumzi. Kicheko kiliisha chenyewe. Nilimwona Mutiso amegeuza uso wake upande wa mlango, jasho likimtoka, macho hayapepesi, na hakuna aliyemtania tena. Sista alikuwa ameketi kando yake, mikono mapajani, anangoja mpaka aridhike yeye mwenyewe kwamba sasa joto limefika mahali lilipokuwa siku ile.

Akasimama. Akaweka kidole kimoja kwenye mlango.

Ulikwenda. Ulikwenda wote, hadi mwisho, kwa sauti ndogo ya magurudumu, na upepo ukaingia. Kina mama wakapiga vigelegele. Sista akashika kitanda akamsukuma Mutiso nje mpaka kibarazani, na yule mama mkwe akainama akamfuta jasho la uso kwa ncha ya shuka lake, akisema, "Ashe oleng, mzee. Asante sana."

Mutiso hakuinuka. Nilidhani joto limemzidi, nikamwendea na maji. Alikunywa, akabaki amelala vilevile, akiangalia ule mlango uliokuwa wazi.

"Mama Ndinda," akaniambia, "ukiwa umelala hapa, hauoni fundi. Hauoni kama imenyooka ama imebana. Unaangalia tu kama itafunguka."